Tatu ya Fundi

Sista alikata utepe wa gundi wa boksi kwa ncha ya mkasi, akafunua kifuniko, na juu ya sponji nyeupe kikaonekana kibanio cheusi, kisichozidi kidole gumba, chenye taa nyekundu ndani ya taya zake.

"Kizuri jamani!" alisema Sista.

Daktari alikitoa, akakigeuza kwenye mwanga. Alikuwa amekitambua kabla hakijatoka kwenye boksi. Springi yake ilipindwa kidogo upande mmoja ili kisimbane mtu sikio, na mpindo huo aliubuni yeye, kwa koleo, juu ya kibanio cha nguo alichokichomoa kambani nyuma ya nyumba yake miaka kumi na miwili iliyopita. Kile kilikuwa cha plastiki ya bluu na kilinuka sabuni. Hiki kilikuwa na nembo ya kampuni.

Pamoja nacho kulikuwa na kijitabu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya mwanamume aliyevaa suti, anayetabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, na chini yake neno "Mvumbuzi" na jina moja. Daktari alifungua ukurasa wa pili, na wa tatu, mpaka jalada la nyuma, akilitafuta jina la pili kama mtu anayetafuta ufunguo katika mfuko ambao ameshaupekua. Halikuwapo. Na yule mwanamume wa kwenye picha alikuwa mdogo wake, wa tumbo moja.

"Daktari, huyu si... si Waya huyu?" Sista aliuliza, sauti ikimshuka.

"Ndiye."

"Na wewe je? Wamekuweka wapi?"

Kabla Daktari hajapata la kusema, sauti ilitoka kwenye kiti cha mwisho, karibu na dirisha. "Hicho kidude mtakitazama mpaka kitage? Kileteni huku kwa mwenyewe!"

Huyo alikuwa Fundi, mshona nguo, mgonjwa mkongwe kuliko wote katika wodi ile ya kusafisha damu. Kwa miaka kumi na mitatu alikuja mara tatu kwa wiki, akaunyoosha mkono wake wa kulia, akafungwa mirija miwili, akakaa saa nne akiwakosoa wauguzi jinsi sare zao zilivyoshonwa mabegani. Daktari alimsogelea, akamwekea kibanio kwenye ndewe ya sikio la kushoto. Namba ikatokea: thelathini na moja. Sista alikimbilia karatasi ya maabara ya asubuhi ile, damu iliyotolewa kwa sindano, akarudi anapiga makofi. Thelathini na moja, bila kuzidi wala kupungua.

Kingekuwa kibaya, angalau Daktari angekidharau.

Akakichukua, akaenda nacho kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa kiti cha pili. Thelathini na tatu. Maabara ilisema thelathini. Akaenda kwa mpishi wa shule. Ishirini na tisa. Maabara, ishirini na sita. Akawazungukia wote tisa waliobaki, wazee kwa vijana, na kila mmoja kibanio kilimzawadia tatu ambazo hakuwa nazo. Mwishowe alijibana sikio lake mwenyewe, akamwamuru Sista amtoe damu, akaipeleka maabara kwa mkono wake. Tatu tena. Alifunga mlango wa ofisi yake, akakaa, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka, na haikuwa furaha.

Maana tatu ile aliijua. Aliijua nayo ikamjua.

Daktari alikuwa bingwa wa figo kwa miaka ishirini na saba, na jambo lililomkera siku zote, karibu kuliko kifo chenyewe, lilikuwa sindano. Figo zikifa, damu nayo hupungua, kwa kuwa figo ndizo zinazoukumbusha mwili kuitengeneza. Kwa hiyo mgonjwa lazima apimwe, kila mara, kujua ni sehemu ngapi kati ya mia za damu yake bado ni chembe nyekundu. Na ili apimwe lazima atolewe damu. Mtu asiye na damu anatobolewa ili ijulikane kwamba hana damu. "Ni sawa na kumvua maskini shati ili uone kama ana fulana," Fundi alimwambia zamani zile, na neno hilo likamganda Daktari wiki nzima. Akakumbuka utotoni walivyokuwa wakishika tochi kiganjani, vidole vikawaka vyekundu. Wekundu ule, alijiuliza, mbona usisomwe?

Alimpelekea swali hilo mdogo wake. Wazazi wao walipofariki, mmoja akimfuata mwenzake, Daktari alikuwa na miaka ishirini na mdogo wake saba. Alimlea huku anasoma udaktari, akimfunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja na kushika kitabu kwa mwingine. Jina la Waya alimpa yeye, kwa kuwa kila alipofua kaptura zake alikuta waya mifukoni. Mtoto yule akaja kuwa mhandisi, na kwa miaka miwili ndugu hao walikaa pande mbili za meza ya kulia chakula, dada akileta namba kutoka wodini, mdogo mtu akileta saketi, wakibishana na kuchekana, sahani zikisukumwa pembeni. Daktari hakuwahi kuwa na furaha kama ile, kabla wala baada.

Jambo moja tu Waya hakuliweza, nalo ni damu. Akiiona, huzimia. Mara moja alijaribu kuingia wodini. Akauona mrija mwekundu unavyozunguka, akaanguka pale pale mlangoni, wauguzi wakamkokota nje kwa kwapa. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena. Sikio walilojaribia kazi yao hakuliona kamwe.

Na sikio hilo lilikuwa la Fundi. Alijitolea mwenyewe, na tena mkono wa kulia ukiwa umefungwa mashineni, sikio la kushoto ndilo lililokuwa rahisi kufikiwa. Alipokuwa bado anajifunza ushonaji, Fundi alisinzia mezani, kichwa kikaangukia pasi ya moto. Ndewe ilipona, lakini ilibaki na kovu nene, gumu kama ukosi uliotiwa wanga. Kovu halina damu nyingi. Mwanga ulipopita hapo, kipimo kilisoma pungufu ya tatu, leo tatu, kesho tatu. Basi Daktari akaandika katika daftari lake la kijani, kwenye kila ukurasa wa hesabu: ongeza tatu. Wodini wakaiita tatu ya Fundi, ikawa utani wao. Mtu akichelewa kazini aliomba aongezewe tatu ya Fundi.

Waya alikuja kuliazima daftari la kijani wiki aliyopata kazi katika kampuni ya vifaa vya hospitali. "Nataka nichore upya saketi, Dada. Wiki mbili tu." Wiki mbili zikawa miaka tisa. Baada ya yeye kuondoka, Daktari alianza kuwapima wagonjwa wengine, akagundua kwamba tatu ile haiwahusu, akaifuta. Katika daftari la pili aliandika na kupigia mstari: Tatu ni ya Fundi peke yake. Alimpigia mdogo wake simu mara tatu kumweleza kwamba kuna daftari la pili. Simu iliita mpaka ikachoka.

Watu husema damu nzito kuliko maji. Daktari alikuwa ameipima damu ya watu wengi mno kuendelea kuamini hivyo.

Sasa akiwa ofisini, na alama ya kibanio bado nyekundu sikioni mwake, alianza kuona jinsi mambo yatakavyokuwa. Mwezi ujao kulikuwa na mkutano wa mabingwa wa figo, na Waya alikuwa ndiye msemaji mkuu. Yeye angekaa safu ya nyuma. Waya angemaliza, watu wangepiga makofi, naye angeinua mkono na kuuliza swali moja tu, kwa adabu zote: "Mhandisi, naomba utufafanulie, ile tatu mnayoongeza imetoka wapi?" Waya asingekuwa na jibu, kwa sababu jibu lilikuwa kwenye sikio la mshona nguo. Mwizi wa mtihani hukamatwa kwa kunakili hata makosa. Daktari aliirudia picha hiyo kichwani, akaiongezea sura za watu na ukimya wa ukumbi, na utamu wake ukamshangaza.

Akatoka, akamwambia Sista, "Hapa kwetu tutaendelea na sindano. Hicho kirudishe kwenye boksi."

"Mbona? Kibovu?"

"Kirudishe tu."

Fundi alimwangalia kwa jicho la mtu anayekagua mshono. "Daktari, kikulacho ki nguoni mwako," alisema taratibu. "Na mimi nashona hizo nguo, kwa hiyo najua zinavyokaa. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, Fundi."

"Haya. Hakuna kitu."

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa alifanya kazi, Jumamosi na Jumapili alipumzika, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka alikula akashiba. Jumanne, saa nne asubuhi, simu ya ofisini ililia. Alikuwa muuguzi ambaye Daktari aliwahi kumfundisha, na sasa aliendesha kituo kidogo chenye mashine tatu, mbali, kisicho na maabara yake.

"Shikamoo Daktari. Samahani kukusumbua. Nina mama mmoja hapa, ana watoto wanne, anahema kama aliyepanda ngazi na hali amelala. Viganja vyeupe. Lakini kipimo kipya kinasema ishirini na mbili, na mwongozo unasema damu aongezewe akishuka chini ya ishirini na moja. Tulimpima jana asubuhi, ishirini na mbili. Leo, ishirini na mbili. Damu ninayo chupa mbili tu kwenye friji, naogopa kuitoa bure."

Daktari alisimama. Kiti kiligonga ukuta.

"Toa tatu," alisema.

"Unasemaje?"

"Kwenye kila namba ya hicho kibanio, toa tatu. Mama huyo ana kumi na tisa. Mwongezee damu sasa hivi, polepole, usikae mbali naye. Na wengine wote uliowapima, watolee tatu, uwaangalie upya. Umenisikia?"

"Nimekusikia. Kumbe mmeshagundua? Mbona hatujaletewa barua?"

Swali hilo halikuwa na ubaya wowote. Binti wa watu aliuliza tu. Daktari alisema barua inakuja, akakata simu, akabaki ameshika mkono wa simu kifuani. Tulimpima jana asubuhi. Jana ilikuwa Jumatatu, naye tatu aliijua tangu Alhamisi. Kwa siku tano alikuwa ameikalia kimya, akiinenepesha kwa ajili ya mkutano. Vituo vilivyopewa vibanio vile vilikuwa arobaini na kitu, kijitabu kilijisifu hivyo, na katika kila kimoja kulikuwa na mtu anayeambiwa kwamba ana damu ya kutosha. Aliona haya ambayo hakuwahi kuiona katika kazi yake yote. Wala haya ile haikumwondolea hasira. Vyote viwili vilikaa ndani yake, kila kimoja kikimnyima mwenzake nafasi ya kupumua.

Akapiga namba ambayo hakuwa ameipiga kwa miaka. Safari hii ilipokelewa mara moja.

"Dada! Nilikuwa nakuwaza. Mmekipata?"

"Njoo wodini."

"Wodini? Dada, unanijua..."

"Nakujua. Njoo leo. Ni kuhusu tatu."

"Tatu gani?" Waya aliuliza, na kutokana na sauti yake Daktari alijua kwamba katika miaka yote tisa naye alikuwa akijiuliza hivyo hivyo.

Alifika saa nane. Alikuwa amenenepa, nywele zimeanza mvi juu ya masikio, na alisimama kwenye mlango ule ule alioanguka zamani, macho kayakaza darini.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Ingia."

"Tuzungumzie huku nje basi."

"Nilichokuitia hakitembei. Kimefungwa mashineni."

Alimshika kiwiko, kama alivyokuwa akimvusha barabara alipokuwa mdogo, akampitisha katikati ya viti mpaka dirishani. Waya alitembea akitazama kola za watu. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Fundi," alisema Daktari, "mwonyeshe sikio lako."

Fundi aligeuza kichwa bila kuuliza. Waya alitazama. Mwanzoni hakuelewa, kisha aliinua mkono, akaligusa kovu lile kwa ncha ya kidole, akaminya, akalisikia lilivyo gumu. Uso ulimbadilika rangi, na safari hii haikuwa kwa sababu ya damu.

"Ni yeye peke yake?"

"Peke yake. Hesabu zote za daftari la kijani ni za sikio hili."

"Sisi tulijaribia watu kumi na wawili kiwandani, wote wazima. Tuliona inazidi kidogo, tukasema ni tofauti ya kawaida. Mtu mwenye arobaini na mbili akisoma arobaini na tano, nani atashtuka? Na mimi niliamini namba zako, Dada. Sikuthubutu kuzigusa."

"Uliziamini namba, ukaniacha mimi."

"Mpeni mhandisi kiti," alisema Fundi, "asije akatuangukia juu ya mirija."

Sista alileta kiti. Waya aliketi, akajipangusa uso kwa kiganja. Daktari alimsubiri. Alikuwa na neno moja alilokuwa akilingojea, au lolote kati ya maneno mawili matatu. Angepokea hata lililokatika katikati. Waya aliinua macho.

"Nani mwingine anajua?" aliuliza.

Basi hapo ndipo ukweli ulipomwingia. Picha kwenye kijitabu ilikuwa imemuuma, miaka tisa ya simu zisizopokelewa ilikuwa imemuuma, lakini siku zote alikuwa amembakishia mdogo wake kona ndogo moyoni, isiyofagiliwa, kama chumba cha mtoto aliyesafiri. Sasa aliona kwamba hakuna anayerudi kukaa humo.

"Mimi nilijua tangu Alhamisi," alisema. "Nilinyamaza siku tano nipate kukuaibisha mbele ya watu. Kuna mama amenusurika kufa kwa kunyamaza kwangu. Hilo ni langu, nitalibeba. Sasa wewe andikia vituo vyote leo, kabla jua halijazama. Watoe tatu mpaka mtakaporekebisha."

"Nitaandika. Naapa nitaandika." Alichezea kifungo cha koti. "Kuhusu jina, Dada... kampuni ndiyo iliyopanga mambo yale. Walitaka mtu mmoja. Ungeniuliza ningekueleza."

"Na wewe ungeniuliza kuhusu tatu, ningekueleza."

Waya alikifunga kifungo cha koti. Aliposimama kuondoka, alifungua mikono kidogo, kama mtu asiyejua kama anatakiwa kukumbatia au kuaga.

"Kwaheri, Mhandisi," alisema Daktari.

Alikuwa hajawahi kumwita hivyo maishani. Waya alilisikia, akatikisa kichwa, akapita katikati ya viti akiwa ameinamisha uso, na bila kukusudia akawa anaitazama mirija yote, mmoja baada ya mwingine. Hakuanguka.

Lazima isemwe kwamba barua aliiandika, na aliiandika siku ile ile. Muuguzi wa kituo kidogo alipiga simu keshoye kusema kwamba yule mama amekaa kitandani, anagombana na wanawe, anataka chai. Baada ya wiki mbili vibanio vilivyorekebishwa vilifika pamoja na kijitabu kipya. Daktari alikisoma akiwa amesimama. Picha ilikuwa ile ile. Chini yake kulikuwa na aya fupi: kutokana na utafiti wetu zaidi, tumeboresha usahihi wa kipimo. Aliisoma mara moja tu, akakiweka kijitabu chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba. Kwenye mkutano hakwenda; siku hiyo ilikuwa zamu yake.

Wakaanza kuwapima. Mwalimu mstaafu, sawasawa na sindano. Mpishi, sawasawa. Viti vyote, kimoja baada ya kingine, vilikuwa sawa, na Sista alifungia trei ya sindano kabatini kwa mbwembwe, wagonjwa wakashangilia. Kisha wakafika dirishani, na namba ikatokea: ishirini na nane.

"Haiwezekani," alisema Sista. "Maabara juzi ilimpa thelathini na moja."

"Wameninyang'anya tatu yangu," alisema Fundi. "Waligawia nchi nzima, halafu walipokuja kukusanya wakachukua na ya mwenye mali. Sasa Daktari, siku ukistaafu mimi nitakuwa mgeni wa nani? Atakuja kijana na kidude chake aseme huyu mzee hana damu, anijaze chupa mbili nisizozihitaji."

Alisema kwa mzaha, lakini vidole vya mkono wake ulio huru vilikuwa vimeikunja kona ya shuka na kuikunjua tena. Daktari alilichukua faili lake, lile lililochakaa pembe kwa miaka kumi na mitatu, akafungua jalada la ndani. Akatoa kalamu mfukoni, akaandika kwa herufi kubwa: Mgonjwa huyu, sikio la kushoto, ongeza tatu. Kisha chini yake akaandika jina lake, lote, la kwanza mpaka la ukoo, akitua kwenye kila herufi.

Fundi alinyoosha shingo asome. "Na jina la nini?"

"Mtu akitaka kuuliza, ajue pa kuja."

Fundi alilitazama jina lile kwa muda, akaiachia shuka. Daktari alimrekebishia kibanio sikioni, na taa nyekundu ikapita tena kwenye kovu.

"Ishirini na nane," Sista alisoma. Akalitazama jalada, akageuza ukurasa, akaandika thelathini na moja.